Kati ya Costello na The Specials, uanze na albamu ipi?

Anayeuliza kuhusu muziki wa Uingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1970, ule uliofuata panki, roki ya kasi na hasira, ukaitwa wimbi jipya, hupewa orodha ndefu mpaka hamu ikamtoka. Mimi naweka mbili tu. Zote ni albamu za kwanza za wenyewe, zote zinasifiwa kwa kugusa siasa na maisha ya watu, na zote zina mkono wa mtu mmoja. My Aim Is True ni ya Elvis Costello, ilitoka Julai 1977. Specials ni ya bendi ya The Specials ya mji wa Coventry, ilitoka Oktoba 1979. Ya kwanza Costello aliiimba. Ya pili alikuwa prodyuza wake.

Nitoe msimamo mapema, maana ulinganisho usio na msimamo ni kumalizana bando bure. Kwa msikilizaji wa Lamu, na wa pwani hii kwa jumla, ningeanza na The Specials. Ila kuna mtu wa aina fulani ambaye nitamwambia kinyume, na nitamfikia.

Kwetu wimbo wa kumsema mkubwa una adabu zake. Jina halitajwi. Litatajwa ua, litatajwa chombo kilichopasuka ubao, na mwenye kusemwa akisikia atajijua mwenyewe. Mashairi ya Kimondo, yaliyotungwa katikati ya miaka ya 1970 katika vita vya kura vya Lamu Mashariki, yalizunguka kwa kanda baraza kwa baraza, na mpaka leo asiyejua nani alikuwa na nani hayamwingii vizuri. Aliyeamua kusema waziwazi zama hizo alijua gharama yake: Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kwa maandishi yake ya kisiasa, akatoka 1972. Kwa hiyo sikio la hapa limefundwa kusikiliza siasa kwa njia mbili, fumbo na kauli, na albamu hizi mbili zimegawana njia hizo karibu sawasawa.

Costello ni mtu wa fumbo. Jina lake la kuzaliwa ni Declan Patrick MacManus, mtoto wa Ross MacManus, mwimbaji wa bendi ya dansi. Alipokuwa akirekodi albamu hii bado alikuwa na kazi ya mchana, kuendesha kompyuta katika kampuni ya vipodozi ya Elizabeth Arden. Nyimbo alizirekodi siku za ruhusa na siku za kusingizia ugonjwa, katika studio ndogo ya Pathway huko Islington, London, chini ya usimamizi wa Nick Lowe. Vilikuwa vipindi sita vya saa nne nne, basi. Waliompigia vyombo walikuwa Wamarekani wa bendi iliyoitwa Clover, na jalada la kwanza halikuwataja.

Wimbo wa ufunguzi, "Welcome to the Working Week", hauchukui hata dakika moja na nusu. Ni karibisho la kejeli kwa mtu anayeianza wiki ya kazi asiyoipenda, na yeyote anayepanda boti ya asubuhi kuvuka Mokowe kwenda kusaka kibarua atauelewa kabla haujaisha. Huo ni mwanzo mzuri. Wimbo wenye uzito wa siasa ni "Less Than Zero". Costello alimwona Oswald Mosley kwenye televisheni. Huyu ndiye aliyeanzisha chama cha mafashisti wa Uingereza mwaka 1932 na kuwavisha wafuasi wake mashati meusi, na sasa ni mzee anayehojiwa kwa upole, anajitetea bila majuto. Hasira ile haikugeuka kelele. Ikawa wimbo wa mwendo wa taratibu, mtamu, ambao usipofuata maneno utadhani ni wa mapenzi. Kijana na msichana wamejifungia ndani, televisheni inawaka, na uovu unapita kwenye skrini hakuna anayeshtuka. Mosley hatajwi kwa ukamilifu. Anaitwa Bwana Oswald, na mwenye kujua amejua.

Wamarekani hawakujua. Wao Oswald wanayemfahamu ni Lee Harvey Oswald, aliyekamatwa kwa mauaji ya Rais Kennedy mwaka 1963, wakaugeuza wimbo uwe wa mambo ya Dallas, mji alikouawa Kennedy. Costello akalazimika kutunga maneno mengine ya kuwafuata huko walikokwenda. Desemba 1977 alialikwa katika Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, akauanza wimbo huo, akaukatisha baada ya mistari michache, akawaambia watu hakuna sababu ya kuuimba pale, akaingia moja kwa moja katika "Radio Radio", unaowashambulia wenye redio. Hakurudi katika kipindi hicho mpaka 1989. Kisa hiki husimuliwa kama ushujaa wa msanii. Mimi naona kinaonyesha jambo jingine: fumbo lina wenyewe, na likivuka bahari huwa ni maneno matupu. Hata hapa, ukimwekea mtu wimbo huu itabidi umsimulie Mosley kwanza, kisha ndipo ubonyeze.

Na hapo ndipo sifa za albamu hii zinapozidi yaliyomo. Mtu akitafuta siasa ndani ya My Aim Is True atapata wimbo huo mmoja, miiba miwili mitatu katika "Blame It on Cain", kile kichekesho cha wiki ya kazi, na "Waiting for the End of the World" wenye vurugu za safari ya treni. Nyingine zote ni wivu, aibu ya mwanamume aliyekataliwa, na kisasi kinachosemwa kwa maneno ya kukata. "Alison" ni wimbo mzuri kuliko wote na hauna siasa hata chembe. Sisemi kwamba hilo ni kosa. Nasema mtu asije akauziwa hotuba akakuta barua za mapenzi.

The Specials ni habari nyingine. Coventry ulikuwa mji wa viwanda vya magari, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi zilikuwa zinakauka. Bendi ilikuwa na watu saba. Neville Staple na Lynval Golding walizaliwa Jamaika, wengi wa waliobaki ni wazungu wa palepale. Mwenye wazo alikuwa mpiga kinanda, Jerry Dammers: achukue ska, muziki wa dansi wa Jamaika wa miaka ya 1960, aifungamanishe na panki, na watu weusi na weupe wasimame jukwaa moja wazi mbele ya macho ya watu. Alianzisha lebo ya 2 Tone, yenye miraba myeusi na myeupe na kibonzo cha mtu wa suti nyeusi kilichochorwa kwa kufuata picha ya Peter Tosh, mwanamuziki wa rege wa Jamaika.

Ili uone kwa nini miraba ilikuwa siasa, kumbuka hali ya nje. Chama cha National Front kilikuwa kinaandamana mitaani kutaka wasio weupe warudishwe walikotoka. Mwaka 1976, jukwaani Birmingham, mpiga gitaa Eric Clapton alitamka maneno ya kutaka wageni watolewe Uingereza, na vuguvugu la Rock Against Racism likaanzishwa kumjibu. Aprili 30, 1978 watu wa vuguvugu hilo walitembea kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki ya London, kusikiliza The Clash, Steel Pulse, Tom Robinson Band na wengine. Mei 1979 Margaret Thatcher akaingia madarakani kama Waziri Mkuu. Miezi mitano baadaye albamu hii ikatoka.

Ndani yake hakuna cha kufasiri. "Doesn't Make It Alright" inawaambia weusi na weupe kwamba rangi yako haikupi ruhusa ya kumchukia wala kumpiga mwenzako. Ni sentensi ambayo imamu angeweza kuisema Ijumaa. "It's Up to You" inawageukia wasikilizaji wenyewe: muziki wetu ndio huu, na sisi ndio hawa, mkitaka kaeni, hamtaki shauri yenu. "Nite Klub" ni ya kijana asiye na kazi anayemaliza hela ya msaada wa serikali kwa bia mbaya huku anajiuliza amefuata nini. "Stupid Marriage" ni kesi mahakamani, Staple ndiye hakimu, anahukumu kwa madaha ya Kijamaika mpaka unacheka huku unamhurumia mshtakiwa.

"Concrete Jungle" ni ya mtu anayeogopa kutembea usiku katika mji wake mwenyewe, kwa sababu ya wahuni na wabaguzi wanaomvizia. Vijana wa Lamu walioishi kafyu ya 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, wakati hata kwenda kuvua usiku kulipigwa marufuku, hawatahitaji maelezo marefu. Hofu zetu na zao hazikuwa za aina moja. Kule ni kisu cha mtaani, huku ilikuwa ni risasi ya msituni na bunduki ya askari. Lakini kule kuangalia saa, kukaza mwendo, kusikiliza nyayo nyuma yako, ni kulekule.

Halafu kuna "A Message to You Rudy", na hapa nitakaa kidogo. Huu ni wasia. Mtu mzima anamwambia kijana mtundu aache vurugu, afikirie kesho yake, asije akaishia jela. Tungo za nasaha tunazo tele, na shida ya vijana kuzama katika unga imezirudisha midomoni, kwa hiyo umbo la wimbo huu halina ugeni. Mpwa wangu aliuweka siku moja kwenye spika barazani, Mkomani, wazee wakiwa kwenye bao. Mmoja wao, aliyewahi kupiga katika vikundi vya taarab, akainua kichwa.

"Huyu mwenye tarumbeta si mtoto huyu."

"Ni tromboni, ami."

"Iite utakavyo. Hao wengine watoto. Huyu mtu mzima, apumua anapotaka yeye."

Alipatia. Tromboni ile ni ya Rico Rodriguez, aliyezaliwa Havana mwaka 1934 akakulia Kingston, na ndiye huyohuyo aliyeipuliza katika wimbo wa asili wa Dandy Livingstone wa mwaka 1967. Vijana wa Coventry hawakuiga tu mahadhi ya Jamaika. Walikwenda wakamtafuta mzee mwenyewe wakamweka mbele, wimbo wa kwanza, sekunde za kwanza. Kwangu mimi hilo lina siasa kuliko mabango mengi, kwa sababu linasema nani mwenye mali kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mpwa alipobadilisha akaweka Costello, bao liliendelea na hakuna aliyeuliza kitu.

Wala nisiifanye albamu hii malaika. "Too Much Too Young" inamsimanga msichana aliyezaa mapema, inamsimanga yeye tu, baba wa mtoto hayumo. "Little Bitch" ni matusi kwa msichana, na mahadhi mazuri hayayafuti. Ukiwa sebuleni na mama, hizo mbili ziruke. Costello naye wanawake wake wote wana hatia tangu ubeti wa kwanza. Kwa upande huo albamu hizi mbili zina ubahili mmoja wa huruma, na mtu anayenunua muziki kwa sababu ya msimamo wake anastahili kuambiwa.

Anastahili kuambiwa na hili pia. Machi 1979, katika baa ya hoteli huko Columbus, Ohio, Costello akiwa amelewa alizozana na wanamuziki wa Kimarekani, akatoa matusi ya kibaguzi juu ya waimbaji weusi James Brown na Ray Charles. Yalifika magazetini, akaitisha mkutano na wanahabari New York akaomba radhi. Miezi sita hivi kabla ya hapo alikuwa amepiga katika tamasha la Rock Against Racism London. Na katika mwaka uleule wa fedheha ndipo alipoingia studio na The Specials. Wako wanaosema kazi ile ilikuwa toba yake. Sitaki kumsomea mtu moyo. Ninachoweza kusikia ni kwamba hakuijaza albamu yao mapambo: ngoma kavu, besi ya Horace Panter iko wazi, vyombo vimeachwa vijibizane kama jukwaani. Aliwaachia nafasi yao.

Sasa mambo ya mkononi. My Aim Is True ni fupi, nyimbo 12 katika toleo la Uingereza, nusu saa na ushei. Sauti ya Costello iko mbele kabisa na maneno yanakwenda mbio, yamejaa michezo ya lugha. Isikilize kwa hedfoni, na kama Kiingereza chako ni cha darasani tu, weka maneno yaliyoandikwa mbele yako, la sivyo nusu ya utamu itakupita. Kwenye spika ndogo karibu na mlango, punda wakipita na jirani akitwanga, utasikia mtu anayelalamika haraka haraka.

Specials ina nyimbo 14, dakika arubaini na kitu. Hii yataka spika yenye besi. Ska humkatia mtu gitaa katikati ya mapigo, si juu yake, na spika dhaifu ikimeza besi utabaki na ule mkwaruzo peke yake. Maneno ni machache na yanarudiwa. Terry Hall, aliyefariki Desemba 2022, anaimba kwa sauti bapa ya mtu aliyechoka kukasirika, Staple anamrukia kutoka pembeni, na baina yao hata asiyejua Kiingereza anapata nani ana hasira na nani anacheka. Harusini sitaiweka. Kwenye boti ya kwenda Manda au Shela na marafiki, naam.

Angalia na toleo. "Watching the Detectives", wimbo wa Costello wenye mdundo wa rege ambao wengi huusifia, haumo katika santuri ya asili ya Uingereza. Uliongezwa katika toleo la Marekani. Vivyo hivyo "Gangsters", singo ya kwanza ya The Specials, haumo katika toleo la Uingereza bali la Marekani. Ukitafuta mtandaoni hakikisha umechukua lenye nyimbo unazozitaka. Na "Too Much Too Young" iliyopanda hadi namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1980 ni ile ya jukwaani, ya mbio na fupi, si ile ndefu ya albamu.

Basi yule niliyesema nitamwambia kinyume ni huyu: mtu anayekaa usiku na nyimbo za mpiga udi Zein L'Abdin, akaurudisha ubeti mmoja mara tatu mpaka aone alikofichwa mlengwa. Mtu huyo The Specials watamchosha kwa wiki moja, kwa sababu wamemwambia kila kitu mara ya kwanza. Yeye aanze na Costello, aanze na "Less Than Zero" hasa, na akubali kwamba siasa humo ni kidogo ila imefichwa kwa ustadi. Pia anayeandika nyimbo mwenyewe, na anaogopa kwamba bila studio kubwa hawezi, aisikilize albamu hiyo kama somo la chumba kidogo na muda mchache.

Wengine wote, na hasa vijana wanaozungumzia ajira za bandari mpya, fidia ya wavuvi, na nani anapewa kazi kwa sababu ya kabila au rangi, waende kwa The Specials. Watakutana na watu wa rika lao walioona mji wao unabadilishwa na wao hawamo, na wakachagua kusema bila kutukana kabila la mtu.

Kama kauli ya The Specials nayo haikutoshi, unataka mkubwa atajwe kwa jina, ipo I Just Can't Stop It ya The Beat, kutoka Birmingham, Mei 1980. Humo kuna wimbo unaomtaka Margaret ashuke, kwa jina lake, juu ya mdundo wa Prince Buster, mkongwe wa ska wa Jamaika, na saksafoni ya Saxa, Mjamaika mwingine mzee kati ya vijana. Nitaiweka ya pili mara moja. Entertainment! ya Gang of Four wa Leeds, ya Septemba 1979, ina "At Home He's a Tourist", wimbo ambao kichwa chake tu kitamfanya mtu wa Lamu au Malindi atege sikio. Lakini ni kavu, gitaa lake linakwaruza makusudi, na usianze nayo. Iache mpaka hizi nyingine uzizoee.